Rangi Isiyoshika Matope

Barabara zilipofunguliwa mwezi wa saba, baada ya ugonjwa kuwafungia watu kaunti jirani miezi mitatu, wanaume waliorudi Garsen walirudi na walichokipata: huyu unga, yule mafuta ya kupikia, mwingine mikono mitupu na aibu yake usoni. Mwaro alirudi na ndoo mbili za rangi ya mafuta, moja ya krimu na moja ya samawati. Alikuwa ametandika vitanda vya wageni katika hoteli moja ya Malindi kwa miaka kumi na minne. Wageni walipokimbilia kwao Ulaya na hoteli ikafungwa, meneja aliwaambia wafanyakazi kila mmoja achague kitu kimoja stoo badala ya mshahara wa mwezi wa mwisho. Kulikuwa na magodoro. Kulikuwa na masufuria, mablanketi, hata pampu ya maji ambayo ingemwagilia shamba zima la mahindi. Mwaro akachagua rangi.

"Hii ya nini?" mkewe Nyevu aliuliza, akiziangalia ndoo pale mlangoni.

"Mama Mitchelle, hii si rangi ya dukani. Hii imeletwa kwa meli. Hata ukiifuta kwa sabuni, haitoki."

"Na ikipikwa?"

Mwaro alicheka kicheko cha hotelini, kile cha mdomo peke yake, akaziingiza ndoo ndani. Hakuuliza jioni ile wangekula nini. Walikunywa uji, na akausifu kwa Kiitaliano.

Nyumba aliyoikuta haikuwa ile aliyoiacha. Mwezi wa tano mto ulikuwa umefurika, na maji yakakaa ndani siku kumi na sita. Nyevu alimbeba mama mkwe wake mgongoni, mwanamke mzima mwenye mguu uliovimba, akavuka naye maji yakimfika kifuani hadi penye tuta la barabara ya lami. Walilala huko chini ya turubai mwezi mzima. Maji yalipotoka, nyumba ilikuwa bado imesimama, kwa sababu ukuta wa mbele ulipigwa saruji nyembamba juu ya fito na udongo. Kuta nyingine za udongo Nyevu alizikandika upya, lakini mbele palibaki mstari wa matope mekundu kutoka pembe hadi pembe, usawa wa kifua, na chini yake saruji imebadilika rangi.

Ule mstari ndio uliokuwa mali ya Nyevu. Shirika moja la misaada lilikuwa limeitisha baraza na kusema kwamba kuna viwanja mahali pa juu, mbali na mto, kila familia kimoja na mabati yake, na wahame kabla ya mvua za vuli. Viwanja vilikuwa vichache kuliko watu. Kwa hiyo wangeangalia alama ya maji ukutani: iliyozidi mita moja, familia inaandikwa, iliyopungua, pole. Wangepima kwa utepe na kupiga picha.

Tangu siku ile kijiji kizima kililinda uchafu wake. Jirani yao Dahabo, mama wa Kiorma aliyepoteza ng'ombe watatu katika maji yale, aliutundikia mkeka mstari wake usije ukanyeshewa. Wengine walizungushia kuta miiba ili mbuzi wasijisugue. Mtoto aliyepitisha mkono ukutani alichapwa kama aliyevunja chungu.

"Baba Mitchelle," Nyevu alimwambia mumewe wiki ya kwanza, na akamshika kidole akakielekeza, "huu mstari usiuguse. Ndani fanya utakavyo. Lakini hapa mbele, usiguse. Mvua ikija tena, mimi mama simuwezi. Mgongo wangu umekwisha."

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Kwamba kuna wageni watakuja kuona nyumba."

Nyevu angejua wakati ule kwamba mwanamume yule alikuwa amesikia hilo tu, angezitupa ndoo mtoni.

*

Mtu asiye na kazi ana njia mbili: atafute kazi, au aisumbue nyumba. Mwaro aliisumbua nyumba. Kila asubuhi redio iliwaambia watu wakae nyumbani, naye akaitikia kwa kichwa kama askari aliyepewa amri. Majirani walikwenda shambani kupanda upya, yeye akavaa suruali yake nyeusi ya hoteli, akaikunja hadi magotini, na kuanza kile alichokiita kupandisha hadhi.

Alianza na sebule. Alichonga kiazi kitamu kikawa na umbo la ua, akakichovya katika samawati na kugonga maua ukutani kutoka pembe hadi pembe. Kiazi kile kilikuwa chakula cha mchana. Kilipolainika akachukua kingine, na kingine, hadi Nyevu akaanza kukificha kikapu chini ya kitanda. Kisha akaokota gurudumu la pikipiki, akalipaka krimu na kulijaza mchanga, akapanda ua ambalo mbuzi walilila siku hiyo hiyo. Akapanga chupa tupu shingo chini, mistari miwili kutoka mlangoni hadi njiani, ili mgeni ajue pa kukanyaga. Mgeni gani? Barabara ile hupita punda wa maji na watoto wanaokwenda kuchota.

Mbao tatu zilizobaki za mlango wa jikoni, ambazo Nyevu alizitunza ili aufunge mlango huo, alizigeuza kuwa meza ndefu ya kusimamia karibu na mlango wa sebule. Akaipaka rangi na kuweka kengele ya baiskeli juu yake.

"Hii ni nini?" aliuliza mama yake, akitoka chumbani akikokota mguu.

"Mapokezi, mama. Mgeni akija anagonga kengele."

"Kwani akibisha hodi hatusikii?"

Lakini lililomchoma Nyevu hasa lilikuwa taulo. Bibi kizee alikuwa na taulo moja, aliyopewa kule penye turubai, naye aliitumia kukandia mguu wake kwa maji ya moto. Siku moja Nyevu aliingia akamkuta ameketi sakafuni, mguu umeinuliwa juu ya mtungi, anakitazama kitanda chake kwa woga. Mwaro alikuwa ameikunja taulo ikawa bata mwenye shingo ndefu, akamweka katikati ya shuka.

"Si uichukue tu, mama," Nyevu alisema.

"Amesema nisiharibu," alijibu mama mkwe.

Nyevu alimshika yule bata shingoni akamkunjua kwa mkupuo mmoja. Alitamani shingo ile ingekuwa ya mtu mwingine.

*

Mwezi wa tisa Nyevu aliitwa kijiji cha Hewani. Binti yao Mitchelle, aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake huko tangu mafuriko, alikuwa ameshikwa na malaria. Nyevu alikaa naye siku nne. Homa iliposhuka alirudi mbio, kwa sababu habari ilimfikia kwamba watu wa shirika wangepita Jumatano, na siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Aliiona nyumba kutoka mbali, ndipo akajua kwamba mambo yameharibika, kwa maana haikuwa kawaida ya nyumba yake kuonekana kutoka mbali. Ukuta wa mbele ulikuwa krimu tupu, laini, unang'aa jua la alasiri kama sahani iliyooshwa. Chini kabisa palipita ukanda wa samawati wa kiganja kimoja, na juu ya ukanda yale maua ya kiazi. Mwaro alikuwa amesimama mbele yake, mikono nyuma, akingoja kusifiwa.

Nyevu aliutua mzigo wake chini polepole. Akaenda hadi ukutani, akaweka kiganja usawa wa kifua chake.

"Uko wapi?"

"Ule uchafu? Nimeusugua kwa brashi ya waya siku mbili. Ulikuwa mkaidi! Nikapiga chokaa, nikapaka rangi mara tatu. Mama Mitchelle, wageni wanakuja kesho. Ungetaka wakute nyumba inanuka matope? Hata mama yako huko kwenu, mgeni akitajwa tu, si hukandika ukuta kwanza? Si ndiyo mila yetu?"

Na hapo ndipo penye uchungu wenyewe, kwamba alikuwa akisema kweli. Hakuna mwanamke wa Kigiriama aliyelelewa vizuri ambaye angewapokea wageni kwa ukuta mchafu. Nyevu mwenyewe alikandika mara ngapi, usiku wa kuamkia harusi, usiku wa kuamkia matanga. Mila ilikuwa mila, ila mwaka huu mgeni alikuwa anakuja kuutafuta uchafu wenyewe, na hilo alikwisha kulisema, na kumshika mtu kidole.

"Nilikwambia usiguse."

"Uliniambia kama mtu wa shamba, nami nikafikiri kama mtu wa kazi. Kizuri chajiuza. Wakiona nyumba safi watasema, hawa ndio watu wa kupewa kiwanja, watakitunza. Nimekaa na wazungu miaka kumi na minne, nawajua."

"Anayekuja si mzungu."

"Mwajiri wake je?"

Nyevu hakuwa na nguvu za kugombana na debe. Alikwenda kwa Farah, mzee wa kijiji, aliyekuwa akiwasaidia watu wa shirika kuwatambua wenye nyumba. Alimkuta anakunywa chai ya maziwa uani pake. Farah alimsikiliza hadi mwisho, kisha akacheka hadi chai ikammwagikia mkononi.

"Amepaka rangi? Yule wa hoteli?"

"Mzee Farah, wewe uliona. Uliwafunga mbuzi wako juu ya paa letu."

"Niliona, mama. Wallahi niliona. Lakini mimi si picha. Yule msichana wa shirika anapiga picha, inakwenda Nairobi. Huko Nairobi hawamjui Farah, wala mbuzi wake." Alijifuta mkono. "Nenda ukaombe Mungu. Na umwambie mumeo akija kupaka nyumba yangu aanze na choo."

Waliokuwa pale uani walicheka naye. Nyevu aliaga kwa adabu, kwa sababu kesho yake angemhitaji.

Dahabo alikuwa amesimama mpakani anamngoja. "Nyevu, wewe usilie. Chukua tope ya mto, piga hapa, piga hapa. Mstari mpya. Nani atajua? Mimi sitasema."

"Ni uongo, Dahabo."

"Uongo gani? Maji si yalikuja? Wewe unarudisha tu kitu yake mahali pake."

Basi wakabeba ndoo. Wakaleta matope mekundu ya mtoni, wanawake wawili wazima, na kuyapaka usawa wa kifua. Matope yakakaa kidogo kama yanafikiri, kisha yakateleza yote hadi chini. Wakapaka tena mazito zaidi. Yakateleza. Mwaro alitoka nje na kitambaa kibichi, akakipitisha ukutani mara moja, ukuta ukabaki unang'aa.

"Mnajisumbua," alisema, na uso wake ulikuwa na furaha ya kweli. "Rangi ya mafuta hii. Haishiki matope."

Dahabo alisema neno moja la Kiorma ambalo Nyevu hakulijua, akaenda zake.

*

Msichana wa shirika aliitwa Gladys. Alikuja saa nne, barakoa usoni, kishikwambi mkononi, Farah akimtangulia, na nyuma yao kundi la majirani waliokwisha kupimwa na sasa hawakuwa na kazi ila kutazama. Kwa Dahabo mkeka uliondolewa, utepe ukavutwa, mita moja na robo, picha, jina. Dahabo alibusu vidole vyake. Kisha wote wakageukia nyumba ya krimu.

"Jamani, hii nzuri!" Gladys alisema.

Mwaro alikuwa mlangoni katika suruali nyeusi na shati jeupe. Aliinama kidogo, akamwongoza mgeni kati ya ile mistari ya chupa, akamnawisha mikono, kisha akamletea maji katika gilasi kwenye sinia, na kipande cha ndimu ukingoni. Gilasi ilikuwa moja. Farah, mzee wa kijiji, alibaki amesimama juani na kiu yake.

"Karibu sana, madam. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Gladys aliupitia ukuta na utepe wake, akainama, akainuka. "Sioni alama hapa."

"Ilikuwepo," Nyevu alisema haraka. "Hapa, dada yangu, kifuani pangu. Imepakwa rangi juu. Mzee Farah ni shahidi."

Farah alikohoa. "Maji yalikuja huku yote," alisema.

"Mama, mimi nakuamini. Lakini fomu hii hainiruhusu kuandika bila picha ya alama." Akamgeukia Mwaro, kwa maana ndiye aliyevaa kama mwenye nyumba. "Baba, wewe uniambie. Hapa kwenu maji yalifika wapi?"

Ilikuwa njia ya mwisho, na msichana alikuwa ameifungua kwa huruma. Mtu angesema tu: yalifika kifuani, madam, mimi ni mjinga, nimefuta. Maneno machache. Mwaro aliwatazama majirani. Alimtazama Farah. Akatazama suruali yake. Alikuwa amesimama hapo akiwa mhudumu wa hoteli ya nyota nne, na hoteli ya nyota nne haiingiwi na matope.

"Hapa?" alisema. "Aa, hapa yalipita tu, madam. Hayakutudhuru sana. Sisi tulijenga vizuri."

Kutoka dirishani bibi kizee alisema, "Mwaro!" kama anavyoitwa mtoto aliyejisaidia mbele ya watu.

"Basi hongereni," Gladys alisema, akaanza kugusagusa kishikwambi chake. "Naomba nipige picha moja ya familia mbele ya ukuta. Tunahitaji mifano ya watu waliojiinua wenyewe."

Mwaro alikuwa tayari amejipanga, kidevu juu.

Nyevu alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi na jembe.

Hakukimbia wala hakupiga kelele. Alisimama mbele ya maua ya kiazi, akainua, akapiga. Rangi ilitoa mlio kama ngoma, kwa kuwa nyuma yake palikuwa pamelegea. Pigo la pili, saruji ikapasuka. Mwaro alipiga ukelele na kumrukia, lakini Dahabo alikuwa amekwisha kumshika shati kwa nyuma, na mwanamke anayeshika ng'ombe dume kwa pembe hashindwi na mtandika vitanda. Pigo la tatu, kipande kikubwa kama mlango kikaachana na ukuta, kikaanguka na maua yake yote.

Nyuma yake fito zilikuwa wazi. Udongo wa nyumba ile ulikuwa mweusi, udongo wa uwanda, na juu ulikuwa bado mweusi. Lakini kuanzia kifuani kwenda chini udongo ule ulikuwa umeyeyuka, na mahali pake, kati ya fito na fito, yalikuwa yamejaa matope mekundu ya mto, yamekauka yakapasuka, na mabua ya mahindi ya shamba la watu yamenasa ndani. Fito zenyewe zilikuwa zimeoza nyeusi hadi pale pale, na juu ya pale zilikuwa nzima. Hakuna mchoraji ambaye angeweza kuuchora mstari ule.

"Pima," Nyevu alisema. Alikuwa akihema. "Pima hapa, dada yangu, na upige picha. Nami nisimame kando, nikuoneshe maji yalipofika kwangu na mama ya huyu mgongoni."

Gladys alishusha barakoa ili aone vizuri. Akapitisha kidole katika matope, akakinusa. Kisha akauvuta utepe, Farah akamshikia upande wa chini bila kuombwa.

"Mita moja na sentimita kumi na nane," Farah alisoma kwa sauti kubwa, kana kwamba ni yeye aliyeijaza.

Picha zilipigwa tatu. Gladys aliinua macho. "Jina la mwenye nyumba?"

Swali lilielekezwa kwa Mwaro. Lakini Mwaro alikuwa amepiga magoti chini katika suruali yake nyeusi, anaokota vipande vya saruji na kuviunganisha, ua kwa ua. Machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi. Alipoambiwa kwa simu mwezi wa tano kwamba mama yake amebebwa majini, alikuwa amesema tu pole, na kuuliza kama mabati ya paa yamepona.

"Baba? Jina?"

Hakusikia.

"Andika Nyevu Pekeshe," alisema Nyevu.

"Na mume? Fomu ina nafasi yake."

"Iache wazi. Yeye maji hayakumdhuru sana. Amesema mwenyewe."

Gladys alisita, akamtazama Farah. Mzee wa kijiji aliutazama ukuta, akamtazama yule aliyepiga magoti, akatikisa kichwa juu chini, mara moja.

Bibi kizee alikuwa ametoka, akishikilia meza ya mapokezi, kisha mlango, kisha bega la mkaza mwanawe.

"Na mimi," alisema, "niandike kwa huyu."

Gladys akaandika. Mwaro alikuwa bado chini, anawauliza watu, mmoja baada ya mwingine, wasogeze miguu yao kwanza, kuna kipande kimoja chenye ua zima hakioni.